Sparrow: pochi ya bitcoin kwa anayelipwa kidogo kidogo

Kama unalipwa kwa bitcoin na una kompyuta, weka Sparrow, programu ya kutunza na kutuma bitcoin. Mimi niko Mombasa, naandika manukuu ya video kwa wateja wa ng'ambo, na malipo yangu huja vijisehemu: leo satoshi elfu tatu (satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya bitcoin), wiki ijayo elfu ishirini. Kwa mtu kama mimi ada ya kutuma ndiyo inayokula jasho, na kati ya pochi zote nilizotumia hii ndiyo inayonionyesha waziwazi ada hiyo inatoka wapi.

Sisi tuliolelewa na M-Pesa tumezoea ada kupanda kulingana na pesa unazotuma. Bitcoin haiko hivyo. Anayetuma bitcoin nzima na anayetuma satoshi elfu tano wanaweza kulipa ada sawasawa, kwa sababu kinachotozwa ni nafasi ambayo muamala unachukua ndani ya bloku, yaani fungu la miamala ambalo wachimbaji, wenye kompyuta zinazoendesha mtandao, huliongeza kwenye daftari la Bitcoin. Wala hakuna salio moja. Kila malipo uliyopokea hukaa peke yake kama kipande, na siku ya kutuma kila kipande unachokitumia kinadai saini yake ya kidijitali. Vipande kumi, saini kumi.

Hapo ndipo aina ya anwani, ule mfuatano wa herufi na namba unaopokelea pesa, inapoamua mambo. Kipande kilichoingia kwenye anwani ya zamani, ile inayoanza na 1, kinachukua baiti kama 148 ukikitumia. SegWit, badiliko la kanuni za Bitcoin, ilipoanza kazi tarehe 24 Agosti 2017, saini zilihamishiwa sehemu yao ya kando, na huko kila baiti inahesabiwa robo tu. Kipimo cha ada kikawa vB, yaani baiti baada ya punguzo hilo, na kipande cha anwani ya SegWit, inayoanza na bc1q, kikashuka hadi vB 68. Taproot, badiliko jingine ambalo anwani zake huanza na bc1p, ikafuata Novemba 2021 na saini ya baiti 64 isiyohitaji kuambatana na ufunguo pembeni yake. Kipande cha bc1p ni vB 57.5.

Sasa chukua satoshi zangu elfu tatu, siku ambayo ada ni satoshi 20 kwa vB. Zikiwa kwenye anwani ya zamani, kuzitumia tu kunagharimu satoshi 2,960. Zinabaki 40! Zikiwa kwenye bc1q ni 1,360, na kwenye bc1p ni 1,150. Mteja ni yuleyule, kazi ni ileile, ila mwenye anwani ya zamani ameacha karibu mshahara wake wote njiani. Pochi ya simu niliyoanza nayo ilitoa anwani za 1 na haikusema neno juu ya hili, na jambo hilo linaniuma mpaka leo, maana watu wengi wenye kipato kidogo wanaanzia kwenye pochi za namna hiyo.

Sparrow haikufichi kitu. Kuna ukurasa unaoorodhesha vipande vyako kimoja kimoja, na unachagua mwenyewe vya kutumia na vya kuacha. Ukitaka kutuma, inachora muamala: vipande kushoto, wapokeaji kulia, na ada imetajwa pamoja nao. Sogeza kitelezi cha ada na utaona foleni ya miamala inayongoja wachimbaji, imepangwa kwa viwango. Muamala ukishaundwa unasoma ukubwa wake kwa baiti na kwa vB. Unaweza hata kuufungua ndani, herufi kwa herufi, ambapo kila sehemu ina rangi yake. Mimi hupenda kuutazama pale, kwa sababu saini unaziona kwa macho jinsi zinavyojaza nafasi.

Je, uchague bc1q au bc1p? Wanaosema Taproot ni nafuu siku zote hawajapiga hesabu. Muamala wa kawaida, kipande kimoja kwenda kwa mpokeaji mmoja na chenji kurudi kwako, ni vB 141 ukiwa wote wa bc1q na vB 154 ukiwa wote wa bc1p, kwani sehemu ya kupokelea ya Taproot ni kubwa zaidi: 43 dhidi ya 31. Lakini ukikusanya vipande kumi kuwa kimoja, bc1p inachukua takriban 629, bc1q 722, na anwani za zamani 1,524. Kwa hiyo anayepokea vipande vingi vidogo na kuvikusanya baadaye atafaidika na Taproot. Wengine wabaki na bc1q, ambayo ndiyo Sparrow inakuchagulia usipogusa kitu.

Wenzangu wanaoweka pesa za kikundi, saini mbili kati ya watu watatu, ndio watakaoona tofauti kubwa kupita wote: kipande kimoja kwa mtindo wa zamani ni karibu vB 297, kwa SegWit ni karibu 105. Sparrow inafanya kazi hiyo vizuri sana, pamoja na vifaa vya kuhifadhi funguo.

Ukiwa na pesa kwenye anwani za zamani, ingiza maneno yako ya siri na uibonyeze itafute yenyewe ni aina gani ya anwani zilizotumika. Kuzihamisha utalipa bei ya zamani mara moja, hakuna njia ya kuikwepa, basi ngoja foleni iwe fupi. Usiku wa kuamkia 20 Aprili 2024, zawadi ya wachimbaji ilipopunguzwa nusu hadi bitcoin 3.125, bloku namba 840,000 pekee ilibeba ada ya zaidi ya bitcoin 37. Usiku kama huo hakuna kipande kidogo kinachofaa kuguswa.

Mapungufu yapo. Haina toleo la simu, na kwetu simu ndiyo kompyuta ya wengi. Pia ukiiunganisha na seva ya umma, kompyuta ya mtu mwingine inayokupa taarifa za mtandao wa Bitcoin, mwenye seva anaziona anwani zako. Mwenye uwezo aiunganishe na Bitcoin Core yake mwenyewe, programu inayosoma daftari la Bitcoin bila kupitia kwa mtu mwingine. Programu ni ya bure, haitaki akaunti wala kitambulisho, nayo inaendeshwa kwenye Windows, macOS na Linux. Ipakue kwenye tovuti yake rasmi tu, na uhakiki saini ya faili kabla ya kuifungua.