Uzoefu wangu: potifolio ya kidijitali iliyopoteza gunia la sukuma wiki

Shule yetu imelipia programu ya potifolio ya kidijitali inayodai kukusanya kazi za wanafunzi kutoka WhatsApp, Facebook na YouTube na kumwekea mwalimu kila kitu mahali pamoja. Ninaandika haya nikiwa bado na hasira, kwa hiyo msomaji aniwie radhi.

Ninafundisha Gredi ya 6. Wanafunzi wangu wengi hawajafikisha miaka 13, umri wa chini wa kufungua akaunti ya Facebook, hivyo kazi zao hupitia simu za wazazi. Muhula uliopita mwanafunzi mmoja alipanda sukuma wiki kwenye gunia nyuma ya nyumba yao, akawa anarekodi video kila wiki, na mama yake akaziweka kwenye ukurasa wake. Nilibandika viungo kwenye potifolio, nikaona picha ndogo zimejipanga vizuri, nikaamini kwamba video zenyewe zimehifadhiwa. Kumbe programu huhifadhi anwani tu! Mtu asiyejulikana alipoanza kumwandikia mtoto chini ya video hizo, mama aliufunga ukurasa usionekane na watu wa nje, jambo ambalo hata mimi ningelifanya. Siku ya mkutano wa wazazi nilifungua potifolio mbele yake, tukakuta visanduku vinne vitupu na, chini yake, uamuzi ambao programu ilijijazia yenyewe kwa kukosa ushahidi: "Mbali na matarajio", yaani kiwango cha chini kabisa.

Maneno hayo si mzaha katika mtaala wa umilisi wa hapa Kenya, kwa kuwa utaratibu uliowekwa ni kwamba tathmini za shuleni za Gredi ya 4 hadi ya 6 zichangie asilimia 60 ya matokeo, na KPSEA, mtihani wa kitaifa wa mwisho wa Gredi ya 6, asilimia 40. Mama aliniuliza kwa upole, "Mwalimu, kwani gunia hukuliona?" Nililiona. Hata mboga zake niliwahi kuletewa.

Nilipopiga simu kwa huduma ya wateja, kijana aliyepokea hakuningoja nimalize. "Madam, kiungo ni chako, si chetu. Soma mwongozo." Nimeusoma wote, unaeleza kwa kirefu namna ya kubadilisha rangi ya jalada, lakini haugusii popote kwamba kazi ya mtoto inaweza kutoweka.

Ningesema programu hii haifai kabisa, ila kuna kitufe kimoja kinachonizuia. Mwanafunzi huweza kurekodi sauti humo humo, na sauti hiyo haikupotea. Mvulana yule alieleza kwamba miche ya kwanza ilioza kwa sababu hakuweka mawe ya kupitisha maji katikati ya gunia, kisha akasimulia alivyolimwaga lote na kuanza upya. Video zilionyesha majani tu. Kosa na marekebisho yake niliyasikia kwenye sauti, na huko ndiko kujifunza kwenyewe. Nilikaribia kuwasamehe, mpaka nilipogundua kwamba programu haikuihesabu sauti hiyo kuwa ushahidi.

Mwalimu mkuu ameniuliza kama tulipie tena. Nimemjibu ndiyo, kwa ajili ya kitufe hicho, na nimejuta tangu nilipotoka ofisini kwake. Kwa sasa wazazi hunitumia video yenyewe kama faili, nami ninaziweka kwenye flashi ninayoivaa shingoni.