Kisu Kisichoazimwa: Miaka Miwili na Gyuto Jikoni Tanga

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga. Nina mke, watoto watatu, na mama mkwe anayetutembelea kutoka Pangani kila Ramadhani. Nawataja mapema kwa sababu kisu ninachotaka kukisimulia, gyuto ya Kijapani, kimepita mikononi mwao wote, na mengi yaliyokipata yalitoka humo humo.

Kilinunuliwa na shemeji yangu, baharia. Meli yao ilipotia nanga Osaka alipanda treni mpaka Sakai, mji wa jirani unaosifika kwa visu tangu enzi walipokuwa wakifua visu vya kukatia tumbaku. Nilimwandikia kwenye simu cha kuomba dukani: gyuto, milimita 210, chuma cha shirogami namba 2, mpini wa mbao. Alilipa yeni 16,000, siku zile karibu laki mbili na sabini za kwetu. Mama watoto aliposikia bei akauliza kama na kupika kitapika chenyewe.

Gyuto kwa maneno ni kisu cha ng'ombe, lakini Wajapani hukitumia kwa karibu kila kitu. Shirogami ni "karatasi nyeupe", yaani rangi ya karatasi ambayo chuma hicho hufungwa kiwandani. Ni chuma cha kaboni, kigumu, kinakubali makali membamba sana, na kutu hakina pa kuikimbia. Kule Sakai kisu kimoja hupita kwa mafundi kadhaa: mmoja anafua, wa pili ananoa, mwingine anatia mpini. Hilo nililielewa haraka, maana kanzu zangu nazo hukatwa na mtu, zikashonwa na mwingine, zikatarizwa kifuani na wa tatu.

Sasa kazi yake. Nilikipima kwenye mizani ya duka la jirani, gramu 152. Kisu chetu cha zamani kilikuwa kizito zaidi japo kifupi. Hiki ukikishika vizuri, kidole gumba na cha shahada vikibana bapa pale linapoanzia, mkono hauchoki. Kitunguu cha kachumbari nakikata hadi ukiinua kipande unaona maua ya kitambaa cha meza upande wa pili. Nyanya iliyoiva mpaka kulegea, ile ambayo kisu cha kawaida huiponda kabla ya kuikata, hapa unaburuta kidogo tu na ganda linaachia. Na nikitoka soko la samaki la Deep Sea na pweza, baada ya kumchemsha namkata vipande vyembamba, vile vikombe vya kwenye mnyiri vinabaki vizima, duara, kama vifungo vya shati.

Lakini wiki ya kwanza nusura nimrudishie shemeji. Vitunguu viligeuka kahawia na kunuka chuma. Mama watoto alikuwa anakata embe bichi za achari, akaitwa nje kidogo, kurudi akakuta bapa limekuwa jeusi na embe zina rangi ya masizi. Tulizimwaga. Mwenzetu mmoja wa barazani, mwalimu wa kemia wa sekondari na mama wa mapacha, ndiye aliyenituliza. Alisema asidi ya embe na salfa ya kitunguu zinashikana na chuma kikiwa bado kipya, na kwamba kikitumika kitaota ngozi yake ya kijivu itakayokikinga. Adui ni kutu nyekundu peke yake. Ikawa hivyo. Baada ya miezi miwili bapa lilikuwa na mawingu ya buluu na zambarau, na vitunguu vikaacha kugeuka. Ndimu na ukwaju bado nawekea kitambaa pembeni: unakata, unafuta, unaendelea. Hewa yetu ya bahari nayo haina huruma. Kiache kimelowa muende kula, mkinawa mikono tayari kina vidoa vyekundu.

Mafuta ya kukipaka yalinisumbua. Nilianza na ya cherehani, kwa kuwa yapo chini ya meza yangu siku zote, mpaka mama watoto aliponinusisha kachumbari. Ya alizeti yaliganda yakanata. Ya nazi ndiyo yaliyokubali, tone moja tu kwenye kitambaa.

Kisha yakaja masaibu ya kuku. Ramadhani ya kwanza mama mkwe alikichukua kisu akapasua jogoo wa kienyeji, mifupa na yote, kwa kupiga. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Makali yakaota mapengo mawili, moja la ukubwa wa punje ya mchele. Nikanyamaza, mama mkwe ni mama mkwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniuliza, "Baba, kisu cha laki zote hizo kinashindwa na kuku?" Swali la haki kabisa. Kinashindwa, ndiyo. Chuma chake kina ugumu wa 60 na zaidi kwa kipimo cha Rockwell, na makali yake ni kama nyuzi 15 kila upande. Chuma kigumu kiasi hicho hakipindi, kinameguka. Rafiki yetu wa bucha ana Victorinox ya Uswisi yenye mpini mweusi wa plastiki, chuma chake ni laini zaidi, kama 56 hivi. Makali yakilala anayainua kwa kile chuma cha kunolea kinachoning'inia kiunoni, mara mbili tatu, anaendelea na wateja. Anasema changu ni kisu cha mtu asiye na foleni.

Mapengo niliyaondoa mwenyewe, jioni tatu nzima, chini ya macho ya fundi mstaafu wa reli ambaye ndiye mwalimu wetu. Ana wajukuu saba na kila mmoja anajua kunoa. Jumamosi alasiri tunakaa barazani kwake, kahawa na kashata, kila mtu na kisu chake. Kinoo changu kina pande mbili, wa 1000 unaokwaruza na wa 6000 ulio laini, nakiloweka kwanza. Mgongo wa kisu unauinua kiasi cha kupitisha ncha ya kidole kidogo, unasugua taratibu mpaka usikie upande wa pili ukingo mwembamba umejikunja, ndipo unageuza. Mzee amenikataza kumpelekea yule kijana wa jiwe la baiskeli, ingawa visu vyetu vingine vyote ananoa yeye na ananoa vizuri. Jiwe la kuzunguka linaunguza makali membamba. Ukiona rangi ya buluu imetokea pale, ugumu umeshakwenda.

Niseme na hili, ingawa linaniuma. Kwenye kabichi tunashindwa sote na mama ntilie wa mtaa wetu, anayesomesha watoto wanne kwa chapati na maharage. Yeye ana kisu cha Kiwi cha Thailand, bati jembamba la bei rahisi.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeinyima kwa mpini: mbao yake nyeupe imenyonya manjano ya mchuzi na haitakati. Kama nyumbani kwako kisu ni kimoja, usikinunue.

Maana kwetu kisu ni cha mtaa. Jirani akituma mtoto kuomba kisu huwezi kusema hapana, utaitwa mchoyo. Wakati huo huo mkasi wangu wa kitambaa, inchi 10, una miaka 14 haujagusa karatasi wala haujaazimwa, na hakuna anayeninunia, kwa sababu kila mtu anajua ule ni mkasi wa fundi. Ilinichukua muda kutambua kwamba gyuto ni ndugu wa ule mkasi. Nikaenda Mgandini nikanunua kisu cha elfu tano, nikakipitisha kwenye kinoo, nikakitundika kwenye msumari karibu na mlango.

Juzi magharibi alikuja mtoto wa jirani.

"Shikamoo. Mama anaomba kisu."

"Marahaba. Kisu kipi?"

"Amesema cha mlangoni."