Hija ya Namugongo kwa basi kutoka Mwanza: kilichofaa na kilichoniuma

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa, na Bwana asifiwe kwa ndugu zetu Waanglikana maana hii inawahusu na nyie kabisa. Naandika kuhusu hizi safari za hija za kwenda Namugongo Uganda, mahali walipochomwa mashahidi wa Uganda, Wakatoliki na Waanglikana waliouawa kwa ajili ya imani yao, zile ambazo mnaandikishwa parokiani au kupitia jumuiya, mnalipa kidogokidogo afu mwishoni mwa mwezi wa tano basi linaondoka. Watu wengi wameniuliza kama inafaa kutoa hela yao. Namugongo penyewe nenda, usisite hata kidogo, ila ratiba unayouziwa isome vizuri kabla hujalipa.

Waliotusafirisha sitawataja jina. Kwa usafiri hawana shida, nawapa sifa yao: basi zima, viti vinalala, dereva mtu mzima hakimbizi gari, na pale Mutukula mpakani walikuwa na kijana anayejua mambo, kakusanya pasi na zile hati za dharura za kusafiria, kadi za homa ya manjano, hakuna aliyesumbuka, hata wale bibi zetu walikaa kivulini wakisubiri kuitwa. Chakula njiani Masaka matoke na maharage, watu wakala wakashiba. Hapo sina neno.

Kilichoniuma ni ratiba. Tarehe 3 Juni tulikuwa kwenye misa, umati wa watu usioweza kuuhesabu, nyimbo za Kiganda, za Kiswahili, watu wametembea kwa miguu kutoka magharibi ya Uganda na wengine kutoka Kenya, miguu imevimba na bado wanaimba, yaani mwili unasisimka. Misa imeisha, picha mbili tatu, tukaambiwa haraka haraka pandeni basi tunaenda mjini kwenye manunuzi. Kesho yake manunuzi tena. Afu kurudi nyumbani. Ndo hija imeisha hivyo. Hakuna aliyetueleza Munyonyo ni nini, hakuna aliyetupeleka upande wa Waanglikana, watu wamerudi na mashuka na viatu, na ukiwauliza Karoli Lwanga alifanya nini wanakwambia alichomwa moto, basi.

Na soko lenyewe tulilopelekwa ni Owino. Jina lake rasmi ni Soko la Mtakatifu Balikuddembe. Yosefu Mukasa Balikuddembe ndo shahidi wa kwanza wa Wakatoliki kule Buganda, aliuawa tarehe 15 Novemba 1885 hapohapo Nakivubo lilipo hilo soko. Alikuwa mkubwa wa vijana waliotumika kwenye nyumba ya kabaka, yaani mfalme wa Buganda, na kosa lake ni kwamba alimwambia Kabaka Mwanga waziwazi kwamba kumuua Askofu James Hannington, ambaye ni Mwanglikana, aliyeuawa Busoga wiki mbili na ushee kabla yake, halikuwa jambo la haki, na pia alikuwa anawaficha wale vijana ili kabaka asiwatumie kimwili. Wakamkata kichwa wakamchoma. Basi zima la mahujaji limepita pale likiuliza bei ya mapazia na hakuna hata mmoja aliyeambiwa simameni tusali Baba Yetu moja. Hilo limeniumiza mpaka leo, kwa sababu ingechukua dakika tano tu.

Sasa sisi wachache tukaomba ruhusa, tukabaki na katekista wetu ambaye historia hii anaijua, tukakodi teksi tukaifuata njia wenyewe siku wenzetu walipokuwa sokoni. Hiyo ndo sehemu nataka niwaeleze kwa urefu maana hiyo ndo hija.

Anzeni Munyonyo. Iko kusini ya Kampala karibu na ziwa, kuna kanisa na eneo la kusali linatunzwa na Wafransisko, Papa Fransisko alifika hapo tarehe 27 Novemba 2015. Pametulia, unaweza kukaa. Hapo ndo lilikuwepo boma la Mwanga la kupumzikia, na tarehe 25 Mei 1886 alirudi kutoka kuwinda viboko amekasirika, akamkuta kijana Denis Ssebuggwawo amekuwa akimfundisha dini mwenzake ambaye ni mtoto wa Katikkiro, yaani waziri mkuu, akampiga kwa mkuki na kesho yake kijana akamaliziwa. Usiku ule Karoli Lwanga, aliyekuwa amechukua uongozi wa vijana baada ya Balikuddembe kuuawa, akawabatiza wenzake ambao walikuwa bado wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, akiwemo Kizito ambaye alikuwa na miaka kama 14. Hakukuwa na padri pale. Asubuhi Mwanga akawaita wote, akasema wanaosali wasimame upande wao, na wakasimama. Walijua kinachokuja, wenzao walishauawa. Fikiria una mtoto wa darasa la saba au kidato cha kwanza nyumbani, ndo umri huo.

Hapohapo Munyonyo ndo alipouawa Andrea Kaggwa tarehe 26 Mei. Katikkiro aliapa hatakula mpaka aletewe mkono wa Kaggwa uliokatwa, na Kaggwa mwenyewe akamwambia mnyongaji asichelewe. Mi nilikaa chini kwenye nyasi nikashindwa kusema kitu.

Kutoka hapo walitembezwa wamefungwa mpaka Namugongo, na njiani wengine waliuawa, ndo maana ukipita Kampala kila mtaa una habari yake ukiambiwa. Matia Kalemba Mulumba, mtu mzima mwenye cheo chake, aliyekuwa Mwislamu kwanza, afu akajifunza kwa Waprotestanti, mwisho akabatizwa Mkatoliki 1882, yeye alikatwa viungo pale Old Kampala akaachwa afe polepole, akafa 30 Mei. Dereva wetu wa teksi, yeye ni Mwislamu, akatupitisha mahali penyewe akapunguza mwendo bila kuambiwa, na ndo aliyetukumbusha jambo ambalo Wakristo wengi hatulisemi, kwamba kabla ya hawa, wakati wa Mutesa baba yake Mwanga, Waislamu wa Buganda nao walichomwa Namugongo kwa sababu ya kuishika dini yao. Namshukuru sana yule kaka.

Namugongo sasa, msiishie upande mmoja. Upande wa Waanglikana, Nakiyanja, siyo mbali na basilika, boda inakufikisha mara moja, na hapo ndo wengi wao walipochomwa kwenye moto mmoja Wakatoliki na Waanglikana pamoja. Kuna makumbusho yenye sanamu za ukubwa wa binadamu zinazoonyesha jinsi walivyofungwa, walivyoviringishwa kwenye mikeka ya matete, na wanyongaji wamesimama. Kwa watoto wadogo ni kali, ningesema mzazi aingie kwanza aone. Aliyetutembeza alieleza kwa utulivu, Kiingereza na Kiswahili kidogo, katekista akajazia, na hakuna swali alilolikwepa. Papa Fransisko alipita hapo 2015 kabla ya kwenda kwenye misa upande wa Wakatoliki. Mashahidi ni 45 kwa ujumla wanaohesabiwa na makanisa yote mawili, Waanglikana 23 na Wakatoliki 22, na wa kwanza kabisa walikuwa Waanglikana, vijana watatu waliouawa 31 Januari 1885. Kwa hiyo ndugu Mkatoliki unayerudi nyumbani bila kufika Nakiyanja umeona nusu.

Hapo ndo nilisikia vizuri habari ya Mbaga Tuzinde. Mukajanga, mkuu wa wanyongaji, alikuwa amemlea kama mwanae, akamsihi akane tu au akubali kufichwa, kijana akakataa. Mwishowe wakampiga shingoni akafa kabla ya kuwekwa motoni, hiyo ndo huruma pekee ambayo mlezi wake aliweza kumpa. Kulikuwa na mama mmoja kwenye kundi letu, mtoto wake aliacha kazi kwa sababu bosi alimtaka aandike risiti za uongo, akakataa, wakamfanyia visa mpaka akaondoka, na ukoo mzima ukamcheka kwamba anajifanya mtakatifu. Yule mama alilia pale mbele ya sanamu mpaka tukamshika. Kwetu hakuna anayechomwa kwa kusali, lakini kuna watu wanalipa gharama kila siku kwa kuiishi imani na siyo kuitaja tu, na kundi zima la basi lilipaswa kusimama pale na yule mama.

Basilika yenyewe mnaijua kwenye picha, ilijengwa kwa umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda, nguzo 22 kwa idadi ya mashahidi Wakatoliki, mchoraji alikuwa Justus Dahinden wa Uswisi, ikatabarukiwa 1975. Altare iko mahali alipochomwa Karoli Lwanga, yeye alitengwa na wenzake akachomwa polepole kuanzia miguuni, 3 Juni 1886. Siku ya umati huwezi kuingia ukakaa, ila siku nyingine unaingia, unapiga magoti, hakuna anayekusukuma. Ndo maana nasema kama mwili unaweza kuvumilia umati nenda 3 Juni kwa ajili ya ile misa, lakini kama unataka kuelewa na kusali nenda mwezi mwingine wowote. Walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita 18 Oktoba 1964, na habari zao tunazijua kwa undani kwa sababu vijana watatu waliachiwa dakika za mwisho pale penye moto, akiwemo Denis Kamyuka, wakaja kutoa ushahidi.

Jambo moja kwa waandaaji wa Kanda ya Ziwa, nalisema kwa mapenzi. Sisi historia hii ni ya kwetu pia. Padri Lourdel, yule Waganda walimwita Mapeera, alifika Uganda 1879 akivuka ziwa kutokea huku kwetu, na 1882 wamisionari walipoona hali mbaya walirudi huku kusini, wakakaa Bukumbi, hapa Misungwi, mpaka 1885. Kwa hiyo wale Wakristo wapya walibaki bila padri karibu miaka mitatu, na ni walei, waumini wasio mapadri, kina Balikuddembe na Kaggwa na Matia Mulumba, walioendelea kufundisha na kusali nyumba kwa nyumba, na mapadri waliporudi walikuta watu wameongezeka. Wengi wetu tunapita barabara ya Misungwi kila wiki na hatujui. Hija ya kutoka Mwanza ianzie Bukumbi, watu wasali pale, ndo wapande basi kwenda Mutukula.

Kwa hiyo tathmini yangu, usafiri safi, mpaka safi, hija yenyewe kama ilivyouzwa haijatimia, na kwa hela ile wazee wetu walistahili zaidi. Ukiwa unaandikishwa muulize mratibu: Munyonyo ipo? Nakiyanja kwa Waanglikana ipo? Nani atakuwa anaeleza, na kwa lugha gani? Manunuzi ni saa ngapi, na anayetaka kubaki akisali anaruhusiwa? Akianza kubabaika kwenye maswali haya, kusanyeni watu wenu kumi na tano mkodi kosta na katekista wenu, inawezekana kabisa.

Kwa mnaotoka Kenya kupitia Busia au Malaba, nyie mnakuja na barabara ya Jinja kwa hiyo Namugongo mnaikuta kabla hamjaingia mjini, na waandaaji wengi wanashawishika kugeuzia hapohapo. Msikubali, ombeni siku moja ya ziada muende Munyonyo kwanza afu mrudi Namugongo, mfuate njia kama walivyotembezwa wao. Maji, kofia na mwavuli muwe navyo.