Subaru Forester: uzoefu wangu na gari lililobuniwa na watu wa ndege

Gari ninalolizungumzia hapa ni Subaru Forester ya kizazi cha pili, kile kilichoanza kuuzwa mwaka 2002, lenye injini ya lita 2 isiyo na turbo na gia za mkono. Nimekaa nalo muda wa kutosha kulifahamu likiwa zima na likiwa linadai kuhudumiwa. Nimeona niandike kwa kirefu kwa sababu sifa ambazo wenye Subaru hulimwagia gari lao mara nyingi ni za mapenzi matupu, ilhali anayetafuta gari anahitaji kujua mapenzi hayo yametoka wapi. Kwa maoni yangu yametoka kwenye ukaidi wa kampuni yenyewe. Subaru ilifanya maamuzi machache ya kiufundi zamani sana, ikayashikilia hata pale washindani wake walipochagua njia rahisi zaidi, na mwenye gari huufaidi ukaidi huo kila anapoliendesha kama ambavyo huulipia kila anapolipeleka kwa fundi.

Mizizi ya kampuni hii haiko kwenye magari. Mwaka 1917 Chikuhei Nakajima, aliyekuwa ofisa mhandisi katika jeshi la wanamaji la Japani, alianzisha karakana ya utafiti wa ndege huko Ota, katika mkoa wa Gunma, na karakana hiyo ikakua hadi kuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa ndege za kivita nchini humo. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Japani ilikatazwa kutengeneza ndege na kampuni ya Nakajima ikavunjwa vipande vipande. Wahandisi wakabaki na ujuzi usio na kazi, pamoja na stoo zilizojaa vipuri vya ndege. Kutokana na mabaki hayo ikazaliwa mwaka 1946 skuta iliyoitwa Rabbit, ambayo mwanzoni ilitumia magurudumu ya mkiani ya ndege za kivita. Mwaka 1953 kampuni tano zilizotokana na mvunjiko ule ziliungana zikaunda Fuji Heavy Industries, na ndiyo maana nembo ya gari ni nyota za Kilimia, moja kubwa kwa ajili ya kampuni mpya na tano ndogo kwa ajili ya zile zilizoungana. Jina la Subaru lilibaki la magari tu kwa miongo mingi. Kampuni nzima ilianza kulitumia rasmi mwaka 2017.

Hapa kuna dai moja ambalo wapenzi wa gari hili hulirudia bila kulichunguza, nalo ni kwamba injini ya Subaru ilitolewa kwenye ndege. Sivyo. Injini mashuhuri za Nakajima, kama ile Sakae ya silinda 14, zilikuwa za mviringo, silinda zikiwa zimepangwa kulizunguka krenki, yaani shafti kuu inayozungushwa na pistoni, na hazifanani hata kidogo na injini iliyolala chini ya boneti yangu. Kilichohama kutoka kwenye ndege ni namna ya kufikiri: uzito upunguzwe popote unapoweza kupunguzwa, bodi yenyewe ibebe mzigo, na dereva aone vizuri pande zote. Ushahidi ulio wazi zaidi ni Subaru 360 ya mwaka 1958, iliyosanifiwa chini ya Shinroku Momose, mhandisi aliyetokea kwenye kiwanda cha ndege. Sheria ya Japani kuhusu magari madogo iliruhusu injini isiyozidi sentimita za ujazo 360 na urefu usiozidi mita 3. Ndani ya mipaka hiyo Momose alipata nafasi ya watu wazima wanne katika gari lisilofika kilo 400, kwa kuacha fremu nzito, kutumia bodi ya mabati membamba inayojibeba yenyewe, na kuweka paa la plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Wajapani walilipachika jina la mdudu kibibi, na liliendelea kutengenezwa hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Uamuzi ulionigusa mimi moja kwa moja ulifanywa mwaka 1966, pale Subaru 1000 ilipotoka ikiwa na injini ya boksa mbele na nguvu ikipelekwa kwenye magurudumu ya mbele. Katika injini ya boksa pistoni hulala ubavu, nusu upande wa kushoto na nusu upande wa kulia, zikienda na kurudi kwa kuelekeana, hivyo msukumo wa moja hufutwa na msukumo wa mwenzake. Injini yenyewe huwa fupi na pana, imekaa chini karibu na barabara na katikati kabisa baina ya kushoto na kulia, gia boksi ikiifuata nyuma kwa mstari ulionyooka. Ukifungua boneti ya Forester utashangaa kwanza kwa kutoiona injini, kwa sababu kinachoonekana juu ni mabomba ya hewa na nyaya, huku silinda zikiwa zimejificha pembeni chini yake.

Mpangilio huo ndio ulioifanya hatua iliyofuata iwe rahisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika la umeme la Tohoku, katika eneo lenye theluji nyingi kaskazini-mashariki mwa kisiwa cha Honshu, lilihitaji gari la kuwafikisha mafundi wake milimani wakati wa baridi bila kuwatesa kama magari ya kijeshi yalivyowatesa. Kwa kuwa gia boksi ya Subaru tayari ilikuwa inatazama nyuma, ilitosha kurefusha shafti hadi ekseli ya nyuma, na mwaka 1972 Subaru Leone yenye kuvuta magurudumu yote manne ikaanza kuuzwa kwa watu wa kawaida. Gari la familia lenye uwezo huo lilikuwa kitu kigeni kwa wakati huo.

Katika gari langu nguvu hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma, na katikati pana difrenshali, inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, yenye kifaa cha mafuta mazito ambacho hukaza chenyewe pale ekseli moja inapoanza kuzunguka haraka kuliko nyingine. Dereva habonyezi kitu chochote. Kwenye kona iliyolowa, mahali ambapo magari mengine niliyowahi kuendesha huanza kusukuma pua nje ya njia, Forester hufuata usukani kwa utulivu unaokufanya usahau kuwa kuna maji barabarani, na kwenye matope mepesi huondoka taratibu bila kupiga tairi. Ni lazima niseme pia kwamba hili si gari la kupanda majabali. Nafasi kati ya tumbo lake na ardhi ni takriban milimita 200, ambazo zinatosha kwa barabara mbovu lakini hazitoshi kwa mahali pasipo na barabara, na anayelilinganisha na magari yenye fremu nzito analionea.

Kuna mambo madogo ambayo hayaandikwi kwenye vipeperushi vya mauzo lakini ndiyo yanayomfunga mtu. Nguzo za kioo cha mbele ni nyembamba, madirisha ni marefu na kiti kimeinuka, hivyo kwenye makutano sihitaji kuinamisha kichwa kumtafuta mtembea kwa miguu. Milango haina fremu kuzunguka vioo. Ukiifungua, kioo kinasimama peke yake, na unapoifunga hukutana na mpira wa mlango kwa sauti nzito ya kunyonya ambayo bado inanifurahisha. Lipo pia lile jambo la kusimama mlimani: nikikanyaga klachi na breki kisha nikaiachia breki, gari halirudi nyuma, kwa maana breki hubaki imeshikilia hadi klachi itakapoanza kung’ata. Aliyezoea kuhangaika na breki ya mkono kwenye foleni ya mlimani ataelewa kwa nini nimelitaja.

Sauti nayo ina wapenzi wake, na wengi huinunua Subaru kwa ajili yake. Mngurumo ule wa kukatakata hautoki kwenye boksa yenyewe kama inavyodhaniwa, bali hutokana na mabomba ya kutolea moshi ambayo katika injini nyingi za zamani, hasa zenye turbo, hayakuwa na urefu sawa kutoka kila silinda, hivyo mapigo ya moshi hufika kwa vipindi visivyolingana. Injini mpya zenye mabomba yanayolingana zimetulia. Langu, lisilo na turbo, hunguruma kwa adabu, na sioni sababu ya kulibadilishia mabomba ili lisikike mtaa wa pili.

Sifa ya uimara ilijengwa hadharani. Mwezi Januari 1989, Subaru Legacy zenye turbo zilikimbizwa kwenye njia ya majaribio huko Arizona, Marekani, usiku na mchana hadi kutimiza kilomita 100,000, kwa wastani wa takriban kilomita 223 kwa saa, kukiwa na vituo vya kujaza mafuta, kubadilisha madereva na kufanyiwa huduma tu. Injini ya Legacy hiyo ni ya familia ileile ya injini, inayoitwa EJ, iliyomo katika gari langu, na familia hiyo iliishi kwa takriban miaka 30. Baadaye ikaja Subaru Impreza ya buluu yenye rimu za dhahabu, iliyoandaliwa pamoja na kampuni ya Prodrive ya Uingereza, ikatwaa ubingwa wa watengenezaji katika mbio za rali za dunia mwaka 1995, 1996 na 1997. Kwa upande wa madereva, Colin McRae alikuwa bingwa mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Kwangu mimi ushindi wenye uzito zaidi ni ule wa Safari Rally, McRae mwaka 1997 na Burns mwaka 2000, kwa kuwa mawe na vumbi la mbio zile halikumsamehe mtu kwa sababu ya jina. Subaru ilijiondoa kwenye mashindano ya dunia mwishoni mwa mwaka 2008.

Sasa upande wa gharama. Kuzungusha magurudumu manne wakati wote kunakula mafuta, na anayetarajia matumizi ya gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele pekee atavunjika moyo. Plagi ziko ubavuni mwa injini, zimebanwa karibu na kuta za bodi, hivyo kazi ambayo kwenye injini yenye silinda zilizosimama wima huchukua muda mfupi hapa humtoa fundi jasho. Mkanda wa taimingi, unaooanisha mwendo wa vali na wa pistoni, katika injini za EJ hutakiwa kubadilishwa kwenye kilomita 100,000 hivi, na kuuchelewesha ni kucheza na injini nzima, kwa sababu katika nyingi ya injini hizo ukikatika, vali na pistoni hugongana. Tairi nazo lazima ziwe za aina moja na zilizolika kwa kiwango kinachokaribiana. Tairi moja mpya kati ya tatu kuukuu huzunguka kwa kasi tofauti, na ile difrenshali ya katikati hulazimika kufanya kazi hata barabara ikiwa imenyooka, hadi ipate joto na kuharibika. Mafundi wanajua pia kwamba injini za lita 2.5 za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na sifa ya kuvujisha gaskiti za silinda hedi, ndiyo maana mimi nilitafuta ya lita 2.

Hata hivyo, ukaidi ule umeanza kuheshimiwa na wakubwa. Toyota ilinunua sehemu ya hisa za kampuni hii mwaka 2005, na gari la michezo walilolitoa kwa pamoja mwaka 2012, linalouzwa kwa Subaru kama BRZ, lilipewa injini ya boksa.

Anayetaka kununua Forester ya umri kama wa langu aanze kwa kuliwasha likiwa la baridi kabisa, si baada ya muuzaji kulipasha moto, kisha asikilize kama kuna mlio wa pistoni kugonga kuta za silinda usiotoweka injini inapopata joto. Achomoe kijiti cha kupimia oili, asome maandishi ya ubavuni mwa tairi zote nne, na aliendeshe polepole huku amekata usukani hadi mwisho mahali pakavu. Gari likisitasita na kurukaruka kama lililoshikwa breki, difrenshali ya katikati imechoka. Halafu aombe kumbukumbu ya mkanda wa taimingi, na kama haipo, bei ya mkanda, rola zake na pampu ya maji iingizwe kwenye mazungumzo kabla ya kukubaliana.