Archived User ya Google Workspace: inaokoa hela, ila jua unanunua nini

Ofisi yetu hapa Dar es Salaam ni ya uwakala wa forodha. Kazi hii ina tabia moja: kontena likishatoka bandarini, maswali yake hayaishi. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karani wa kuandaa TANSAD, yaani fomu ya tamko la forodha, ni nadra kukaa sehemu moja muda wote huo. Anaondoka yeye, barua pepe za mteja, ankara na mabishano ya thamani ya mzigo vinabaki kwenye akaunti yake ya Google Workspace, huduma ya barua pepe na mafaili ya ofisi tunayoilipia Google. Mimi ndiye ninayesimamia akaunti hizo, na bosi anapoiona bili kwa dola huwa ana swali moja tu: kwa nini tunamlipia mtu aliyekwisha kuondoka?

Swali ni la haki. Wasimamizi wengi huisimamisha akaunti wakiamini gharama imekoma, kumbe Google inaitoza akaunti iliyosimamishwa sawa na inayotumika. Wengine huifuta kabisa. Ukifuta una siku 20 za kuirudisha. Zikipita, umekosa kila kitu, hata kile ulichodhani kimehifadhiwa kwenye Vault, zana ya Google ya kutunza na kutafuta data za watumishi.

Katikati ya hayo mawili ndipo ilipo leseni ya Archived User. Inagharimu sehemu tu ya leseni kamili. Aliyeondoka hawezi kuingia tena wala kupokea barua mpya, lakini zile za zamani na mafaili yake hubaki. Leseni yake kamili inakuwa wazi, anapewa mrithi wake. Kwa walio kwenye mkataba wa mwaka hapo ndipo penye faida kubwa, kwa sababu idadi ya leseni huwezi kuipunguza mpaka mkataba uhuishwe.

Sisi tuko kwenye daraja la Business Plus, lenye Vault, na nasema wazi kwamba bila Vault nisingeisifia hivi. Chukua mfano huu. Wakaguzi wa Mamlaka ya Mapato (TRA) wanauliza kuhusu mzigo wa vipuri ulioshughulikiwa na kijana aliyekwisha kuhama. Nafungua Vault, nachagua akaunti yake, naandika namba ya kontena, zile herufi 4 na tarakimu 7, ndani ya alama za kunukuu. Mlolongo mzima unatoka: mteja alivyotuma ankara, kijana alivyomuuliza kuhusu gharama za usafirishaji, mteja alivyojibu. Naupakua kwa muundo wa faili wa mbox au PST na kuuhifadhi mara moja, maana faili la kupakua nalo halikai pale milele. Jioni hiyohiyo mhasibu anazo barua zote mkononi. Huduma iliyonipa utulivu wa namna hiyo mbele ya mkaguzi naipa alama zake bila kusita.

Aliye kwenye madaraja ya chini, Business Starter au Standard, hana Vault. Leseni hii itamtunzia data, ila akitaka kuisoma itabidi airudishe akaunti kwenye leseni kamili kwanza. Kama ni mara moja kwa mwaka, si mbaya. Kama ni kila mwezi, hesabu inakataa.

Jambo jingine lisikupite. Leseni huhifadhi kilichopo siku unapoiweka, na mtu akiondoka kwa hasira akafuta barua zake, kilichopo ni kidogo. Kwa hiyo weka kanuni ya uhifadhi kwenye Vault mapema, watu wakiwa bado kazini. Asiye na Vault akumbuke kwamba msimamizi anaweza kurudisha barua zilizofutwa hata kwenye pipa la taka, lakini ndani ya siku 25 tu.

Si kila mtu anahitaji leseni hii. Dereva au mhudumu wa mapokezi, namhamishia meneja wake mafaili ya Drive, nashusha nakala ya barua zake, kisha naifuta akaunti. Wanaobaki kwenye kumbukumbu ni wale walioshika kodi, madai na mikataba. Nao tunawaambia siku ya kuaga nini kinabaki na kwa muda gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hairuhusu kukaa na taarifa za mtu kupita haja yake, na mimi mwenyewe nisingependa barua zangu zikae kwa mwajiri wa zamani bila sababu.

Walio Microsoft 365 wana njia ya bei nafuu zaidi kwa upande wa barua: sanduku la mtumishi hugeuzwa kuwa la pamoja (shared mailbox), na likiwa chini ya GB 50 halihitaji leseni. Ligeuze kabla ya kuondoa leseni. Kwa mafaili ya OneDrive mambo yalibadilika Januari 2025: akaunti ikikaa siku 93 bila leseni inafungwa, na kuifungua tena kunalipiwa.

Ninachowaomba Google ni kimoja: wampe msimamizi wa Starter na Standard uwezo wa kutafuta ndani ya akaunti iliyohifadhiwa, hata kama ni kusoma tu. Ofisi nyingi ndogo za hapa ziko kwenye daraja hizo mbili, na mkaguzi haji na maswali mepesi kwa sababu ofisi ni ndogo.