VASSAL: programu isiyojua sheria za mchezo, na naipenda hivyo hivyo

VASSAL ni programu ya kompyuta ya kuchezea michezo ya ubao, hasa ya vita, hata mwenzako akiwa mbali. Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa: ni bure. Hakuna kuingiza namba ya kadi, hakuna majaribio ya siku saba, hakuna tangazo la kubeti linalokurukia katikati ya kioo. Unapakua programu kwenye tovuti yao, halafu unapakua moduli ya mchezo unaoutaka, yaani ramani, kete (vipande vinavyosimama badala ya vikosi) na majedwali, vyote ndani ya faili moja. Zipo moduli za michezo ya vita ya miaka ya 1960 na zipo za michezo iliyotoka juzi. Sisi tuliozoea kuona sanduku kuukuu la mchezo wa kampuni ya Avalon Hill likiuzwa Marekani kwa dola, nauli ya posta ikizidi bei ya sanduku lenyewe na forodha bado hawajatia neno, tungeweza kuridhika hapo tu.

Sasa kasoro kubwa, au kile ambacho wengi watakiita kasoro. VASSAL haijui sheria. Inajua kuonyesha ramani, kusogeza kete, kurusha dadu na kutunza kumbukumbu, basi. Ukikibeba kikosi cha vifaru kutoka El Agheila, Libya, ukakitua Alexandria, Misri, kwa zamu moja, inakuangalia tu. Na hakuna kompyuta upande wa pili. Unacheza na mtu, au unacheza mwenyewe pande zote mbili. Mjukuu wangu, ambaye siku nzima yuko na Free Fire kwenye simu, alikaa pembeni yangu kidogo akauliza, "Babu, sasa huyo adui yuko wapi?" Nikamwambia adui yuko Mwanza, amekwenda kliniki kupima presha, atajibu jioni. Akaondoka zake.

Mimi hapo ndipo inaponishika. Sheria ziko kichwani mwako na kichwani mwa mwenzako, na mkitofautiana mnabishana mpaka mmoja afungue kitabu. Hivyo ndivyo tulivyoijua michezo hii.

Wa rika langu wanaikumbuka Dar ya foleni za petroli. Jumapili ikishagonga saa nane mchana, gari binafsi marufuku barabarani. Ukiwa umekwenda na gari Upanga kumsalimu mtu, ama uliondoka kabla sahani hazijatolewa mezani, ama ulilala huko. Kijiwe chetu kilizaliwa na amri hiyo: makarani wa usafirishaji na mwalimu mmoja wa jiografia, verandani kwa mwenzetu, Jumapili za kutokwenda popote. Nyumba ya jirani walikuwa na bao, tena wakali. Sisi tulikuwa na Afrika Korps, sanduku tulilolinunua kwa mwalimu wa kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao na kuuza kila kitu hadi pasi.

Kwa vijana niseme ni nini. Ni mchezo wa vita vya jangwani vya Libya na Misri, uliotolewa mwaka 1964 na Avalon Hill, kampuni iliyoanzishwa na Charles Roberts wa Baltimore, yule aliyeanza na mchezo wa Tactics mwaka 1954. Ramani imegawanywa kwa vyumba vya pembe sita badala ya miraba, mtindo ambao kampuni hiyo iliuingiza katika toleo la mwaka 1961 la mchezo wao wa Gettysburg. Kwenye miraba, anayekwenda mshazari anaiba mwendo. Kwenye pembe sita kila jirani yuko umbali uleule. Kete ni vipande vya kadi vya nusu inchi vyenye namba: nguvu ya kushambulia, nguvu ya kujilinda, mwendo. Unajumlisha nguvu zako, unagawa kwa za adui, unapata uwiano, unarusha dadu moja na kusoma jedwali. Kila aliyewahi kucheza atakwambia kanuni ya tatu kwa moja: chini ya hapo unacheza kamari. Kete zetu kadhaa ziliishia kwa mchwa, tukakata nyingine kwenye pakiti za sigara na kuandika namba kwa kalamu ya wino. Baadaye mchwa wakamalizia na sanduku.

Wengi wanaoukumbuka mchezo huu wanamkumbuka Rommel, jenerali wa Wajerumani jangwani, kwa sababu ana kete yake mwenyewe, na vikosi vinavyopitia alipo vinaongezewa mwendo. Mimi nazikumbuka kete za shehena. Mwingereza anapata shehena kila zamu bila kuomba. Mjerumani anarusha dadu kwanza: ama meli imefika, ama imezama. Bila shehena karibu hushambulii, hata uwe na vifaru vya kufunika nusu ya ramani. Ukishambulia, shehena ile imeliwa, unaitoa ubaoni na kuanza kuisubiri nyingine. Mbaya zaidi, adui akizunguka nyuma yako anaweza kuiteka na kuitumia yeye. Ndivyo ilivyokuwa kweli. Meli zilizotoka Italia zilikuwa zikiwindwa na ndege na nyambizi za Waingereza kutoka kisiwa cha Malta, na kilichofanikiwa kufika Tripoli kilikuwa bado na zaidi ya kilometa 2,000 kufika El Alamein. Toa lori Dar ulifikishe Bukoba, uvuke nalo mpaka Kampala, na bado una safari mbele. Halafu kumbuka kwamba njia nzima lori linakunywa mafuta yaleyale liliyobeba.

Makarani wa usafirishaji hatukuhitaji kufafanuliwa. Wakati wa Vita vya Kagera, 1978 na 1979, malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa huko juu, na sisi ofisini tukabaki na madaftari na ndoano za funguo tupu. Kwa hiyo mtu akisukuma vifaru vyake mbele huku shehena zimebaki nyuma, veranda nzima ilimshukia: "Mzee, hao watakula mchanga?" Mwalimu wa jiografia ndiye aliyekuwa mkosefu mkubwa. Alipenda mishale mirefu kwenye ramani.

Basi, moduli ya Afrika Korps ndani ya VASSAL ikoje? Ramani ni ileile, na kete ni zilezile kwa namba. Ukipumzisha kipanya juu ya rundo la kete, linajifungua lenyewe na kukuonyesha moja moja zilizomo, jambo ambalo verandani lilihitaji vidole vyembamba na uvumilivu, maana ukigusa vibaya safu nzima ya Tobruk, ile bandari ya Libya, inasambaratika. Unaweza kuikuza ramani mpaka hata bila miwani uone. Dadu unaibonyeza kwenye kitufe, na matokeo yanaandikwa hapo hapo kwenye sehemu ya ujumbe pamoja na jina lako. Hakuna tena dadu iliyoanguka chini ya kiti ikaokotwa kwanza na aliyeirusha, akatokea na sita. Nyie mliokuwepo mnajijua.

Kinachonifurahisha zaidi ni kumbukumbu ya zamu. Unaiambia programu ianze kurekodi, unacheza zamu yako, unafunga faili na kulituma. Mimi natuma kwa WhatsApp kama hati. Ni dogo, bando halishtuki. Mwenzangu wa Mwanza analifungua na kubonyeza kitufe kimoja, hatua kwa hatua, akiona kila kete nilivyoisogeza kwa mpangilio uleule, pamoja na zile nilizozisogeza nikazirudisha. Hapo ndipo siri zinapotoka. Juzi nimeamka na ujumbe: "Afande, naona Tobruk umeizunguka, ukasimama, ukarudi. Ulisikia baridi?" Nikamjibu kwamba shehena yangu imezama. "Pole sana. Dadu umeirusha mwenyewe." Ninyi mnaojua historia mnajua Tobruk haichekeshi: mwaka 1941 ilizingirwa tangu Aprili na hadi Desemba haijaanguka, kisha tarehe 21 Juni 1942 ikaenda kwa Rommel na wanajeshi zaidi ya 30,000 wakatekwa. Huyu wa Mwanza ananiambia niichukue kabla ya Idd, kwa dharau.

Mnaweza pia kukutana moja kwa moja mtandaoni, kila mmoja akiona kete za mwenzake zinavyosogea. Kwetu, kati ya umeme wa Magomeni na mtandao wa Mwanza, faili la kutumiana limetufaa zaidi. Umeme ukikatika, vita vinasubiri.

Watu wataniuliza kuhusu michezo ya kompyuta yenyewe, ile ambayo mashine inacheza nawe. Nimeicheza. Panzer General ya kampuni ya SSI ilitoka mwaka 1994, mwaka uleule televisheni ya ITV ilipoanza kurusha matangazo, na ofisini kwetu kulikuwa na kompyuta moja ambayo baada ya saa kumi na moja jioni haikuwa tena ya hesabu za mizigo. Ni mchezo mzuri. Vikosi vyako vinapata uzoefu, unavibeba kutoka vita hadi vita, na mafuta na risasi vinaisha kama inavyotakiwa. Ila kampeni yake ni ya Ujerumani peke yake, na ukishinda vizuri sana unafikishwa Washington, kitu ambacho mimi hakikuniingia. Na hesabu zote zinafanyika ndani ya mashine. Unapiga, namba inaruka, kikosi kimekufa, na ukiuliza kwa nini hujibiwi. Ukitaka kuucheza leo, DOSBox, programu ya kuendeshea michezo ya kompyuta za zamani, itakusaidia. Mimi sijisumbui.

Kuna jambo moja ambalo halihusu programu bali mchezo, na linanisumbua zaidi uzeeni kuliko zamani. Kete ya shehena haina jina. Vikosi vyote vina namba zao, vya Australia, vya Afrika Kusini, vya India, lakini shehena ni shehena tu. Wakati huo watu wa Afrika Mashariki walikuwa huko Misri na Libya katika vikosi vya kazi, wakipakua na kujenga. Laptopu hii nimeinunua Kariakoo, mtumba, mahali ambapo Waingereza walikuwa na kambi ya wapagazi wao katika vita vya 1914 hadi 1918, vita ambavyo makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Mchezo unaniambia shehena imefika Tobruk. Nani aliishusha, hauna habari. Sidai ununuliwe kete mpya. Nasema tu kwamba mbunifu aliyeona umuhimu wa shehena kiasi hicho angeweza kwenda hatua moja mbele.

Turudi kwenye programu, maana ina kero zake. Kitabu cha sheria mara nyingi hakimo ndani ya moduli, na wenye baadhi ya michezo wanaomba uwe na sanduku lako. Mimi langu lililiwa na mchwa, kwa hiyo nina dhamiri safi. Moduli zinatengenezwa na watu wa kujitolea, na inaonekana: nyingine zimepangwa hadi raha, nyingine vitufe vimerundikwa kama vyombo vya harusi iliyokwisha. Menyu hazina Kiswahili. Usijaribu kucheza kwa kidole kwenye kibao cha laptopu, nunua kipanya, hata kile cha bei ya chini kabisa cha mtaa wa Aggrey. Kidole kitakuachia kete katikati ya bahari. Kwenye Windows matoleo ya sasa yanakuja na Java yake ndani, programu saidizi ambayo VASSAL haiendi bila hiyo, kwa hiyo ile adha ya zamani ya kuitafuta na kuipachika imekwisha. Ila ramani kubwa zinaila kumbukumbu ya mashine. Yangu ina umri, na nikifungua ramani pana inahema. Nafunga kila kitu kingine, hadi redio ya mtandaoni.

Na inachosha kuanza. Siku ya kwanza utaona skrini ya kijivu na orodha, utauliza mchezo uko wapi. Anza na mchezo ambao sheria zake unazijua tayari, usijifunze viwili kwa pamoja. Programu yenyewe ilianza kama chombo cha kuchezea mchezo mmoja wa vita wa ubao, Advanced Squad Leader, kazi ya Rodney Kinney, kabla ya kupanuliwa ibebe michezo yote. Kwa hiyo wapenzi wa mchezo huo wanahudumiwa kifalme. Mimi kitabu chake cha sheria kilinishinda hata nilipokuwa na macho.

Tukimaliza jangwa, mzee wa Mwanza anataka kurudi kwa Rommel na mimi nataka Paths of Glory, ya mwaka 1999, vita vya kwanza vya dunia kwa karata. Ramani yake inaishia Mashariki ya Kati, Tanga haimo, lakini karata zake ni tamu: kila moja unaweza kuitumia kwa tukio, kwa kusogeza majeshi au kwa kuyajaza tena, na siku zote unataka vyote kwa wakati mmoja. Moduli ninayo. Anayetaka kucheza nami ajitokeze, awe na subira ya mtu anayejibu baada ya alasiri, na aseme mapema kama anataka Ujerumani, maana mimi upande huo nimeuchoka.