Uzoefu wangu na app ya hali ya hewa winta nzima: upepo iko vizuri, usiku mtulivu usiiamini

Jamani nimeitumia hii app msimu wote wa baridi, tena toleo la kulipia, kwenye mji wa bara mbali kabisa na bahari, na zile nyota tano watu wanazoipa naona wamezidisha.

Kwenye upepo sina neno. Inakutenganishia upepo wa kawaida na ule unaovuma ghafla, saa kwa saa, na ikisema mchana utavuma basi utavuma, labda uchelewe kidogo tu. Jua tu kwamba ile spidi ni ya mita 10 juu ya ardhi, kwa hiyo huku chini katikati ya majengo unaupata nusunusu, ukitokeza tu sehemu ya wazi unaupata wote. Halafu kuna ile namba ya "unavyohisi", mi ndo navalia nguo kwa hiyo, maana hewa ikiwa hasi 20 na upepo kilomita 30 kwa saa mwili unahisi kama hasi 33, na hapo ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Gari na bomba za maji hazihusiki na hiyo hasi 33 lakini, zenyewe zinaishia kwenye hasi 20 ya hewa, upepo unazifikisha huko haraka basi (kuna watu wanabishania hili kila mwaka sijui kwa nini).

Shida sasa ni usiku. Anga jeupe, upepo hamna, theluji mpya imetanda chini, app inakupa namba ya kistaarabu kabisa, asubuhi ukichungulia kipimajoto cha nje kiko nyuzi kadhaa chini ya hapo, na si mara moja, usiku wa namna hiyo ni karibu kila ukitokea. Usiku kama huo joto la ardhi linapotelea juu kwa sababu hakuna blanketi la mawingu, ile hewa baridi ni nzito inateremka inatuama bondeni, unaweza kukuta kilimani kuna afadhali kuliko mjini. Na modeli zenyewe, yaani zile programu za kompyuta zinazokokotoa utabiri, zinaigawa dunia vipande vipande, GFS ya Marekani kama kilomita 13 kila kimoja, ECMWF ya Ulaya kama 9, bonde dogo linamezwa humo ndani lisionekane. Kukiwa na upepo hewa inachanganyika, na kukiwa na mawingu joto halipotei sana, ndo maana siku hizo namba zake zinakaa sawa.

Utabiri wa siku 15 wanaoutoza hela ni pambo, ukishapita wiki moja namba zinabadilika kila ukifungua.

Nyota tatu. Wakiweka sehemu ya kuingiza kipimo cha kwako app ijirekebishe, naongeza ya nne, kwa sasa nimerudi kwenye ya bure maana upepo wa saa kwa saa upo humohumo.